Mpira Uliomponyoka Kipa

(Hotuba kwa makocha wa timu za vijana na washambuliaji wao, jioni ya kufunga mafunzo ya wiki moja, Morogoro)

Makocha wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu jioni hii, na ninyi wanangu mliokaa kwenye mikeka hapa mbele mkiwa bado na vumbi la mazoezi miguuni, asanteni kwa kunipa nafasi. Walionitangulia wamekwisha kuzingatia itifaki, sitairudia. Nimeombwa niseme na washambuliaji, na nimekuja na habari za mtu mmoja tu.

Juzi niliwauliza vijana hawa wanitajie wafungaji bora wa Kombe la Dunia. Wakanitajia Mbappé, wakanitajia Harry Kane, na mmoja aliyefundwa vizuri na baba yake akamtaja Ronaldo yule wa Brazili. Nikawauliza: mwaka 1974 je? Kimya. Alikuwa mtu wa Polandi, Grzegorz Lato. Hilo jina la kwanza lisiwahangaishe, ndiyo Gregori ya kwao. La pili ni jepesi kwenye ulimi wetu: Lato, neno ambalo kwa Kipolandi maana yake ni majira ya joto. Alifunga mabao saba katika mashindano hayo. Waliomfuata, Andrzej Szarmach wa timu yake mwenyewe na Johan Neeskens wa Uholanzi, walifunga matano kila mmoja. Mpaka leo hakuna Mpolandi mwingine aliyewahi kumaliza Kombe la Dunia akiwa juu ya orodha ya wafungaji.

Wapolandi si wageni kabisa kwetu. Timu yetu ya Taifa iliyokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, ile ya Peter Tino na Thuweni Ally, kwenye benchi lake, pamoja na marehemu Joel Bendera, alikaa Mpolandi, Slawomir Wolk. Lakini sikumchagua Lato kwa sababu ya udugu. Nimemchagua kwa sababu ya namna mabao yake yalivyopatikana.

Naanza na bao la kwanza kati ya yale saba. Stuttgart, tarehe 15 Juni 1974, Polandi na Argentina, mchezo haujafika hata dakika ya nane. Robert Gadocha, winga wa kushoto, anapiga kona. Kipa wa Argentina, Carnevali, anatoka, anaruka, anaufikia mpira. Mkitazama picha mtaona mabeki wa Argentina wamelegea, kwa maana kipa wao yuko juu na mikono yake iko kwenye mpira. Mtu mmoja tu hakulegea. Mpira ukamponyoka kipa, ukaanguka miguuni pa Lato, akaugusa ukaingia. Dakika moja baadaye Szarmach akafunga la pili. Kipindi cha pili Argentina wamerudisha moja na wanapumua. Carnevali anaudaka mpira, anataka kuanzisha haraka, anamrushia beki wake kwa mkono. Lato ameshausoma ule mrusho kabla mpira haujatoka mkononi. Akauwahi mpira njiani, akafunga. Mchezo ukaisha matatu kwa mawili.

Mabao mawili, yote mawili mpira ulikuwa mikononi mwa kipa kwanza. Naomba mlishike hilo.

Sasa niwaambie kwa nini hadithi hii inanigusa. Nilikuwa winga wa kulia, kama yeye. Siku moja, katika mchezo ambao tulihitaji bao moja tu, krosi ilipigwa kutoka upande wa pili, kipa akaruka na kuudaka. Nikageuka kurudi katikati. Nimepiga kama hatua nne hivi, nikasikia uwanja mzima umepiga yowe. Nikageuka: mpira umemdondoka, unazunguka taratibu ndani ya boksi la yadi sita, hakuna mtu. Beki akaja akaupiga mbali. Tulitoka sare, tukatolewa. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyeona kosa; mshambuliaji gani hurudi katikati kipa akishadaka? Wote. Lakini mimi nilijua nilipaswa kuwa wapi, na nimelijua hilo miaka yote hii. Nilipokuja kuona mkanda wa mchezo ule wa Stuttgart, nikiwa tayari ni kocha, niliurudisha nyuma mara nyingi mpaka mwenye video akaniuliza natafuta nini.

Lato alizaliwa tarehe 8 Aprili 1950 huko Malbork, mji wa kaskazini wenye ngome kubwa ya matofali mekundu, lakini alikulia Mielec, kusini-mashariki mwa Polandi. Mielec ulikuwa mji wa kiwanda cha ndege. Zile ndege ndogo za An-2, zenye bawa juu na bawa chini, zinazotua hata kwenye majani, maelfu kwa maelfu yake yalitengenezwa hapo. Klabu ya mji, Stal Mielec, ilikuwa klabu ya kiwanda. Jina Stal maana yake chuma cha pua. Wazee wa hapa wataelewa haraka nikiwakumbusha Reli, timu ya watu wa reli wa hapahapa Morogoro. Mji wa saizi ya kawaida, kiwanda, na timu iliyobeba jina la watu wanaotoka zamu.

Stal ilipanda daraja la juu mwaka 1970. Mwaka 1973 ikawa bingwa wa Polandi, na mwaka 1976 ikarudia. Lato alikuwa mfungaji bora wa ligi mwaka 1973 kwa mabao 13, tena mwaka 1975 kwa mabao 19. Yupo mwenzake wa timu hiyo ambaye Afrika inamjua vizuri kuliko inavyomjua Lato: Henryk Kasperczak, kiungo, aliyekuja baadaye kuzifundisha Ivory Coast, Tunisia, Mali, Senegal na Morocco, na aliyeifikisha Tunisia fainali ya Afrika mwaka 1996. Ukiona timu ndogo ya kiwanda inatoa watu wa aina hii wawili kwa wakati mmoja, ujue kuna kocha wa vijana mahali fulani aliyekuwa akifanya kazi yake bila kutangazwa. Makocha, nawatazama ninyi.

Kwenye timu ya taifa Lato hakuwa nyota. Mwaka 1972 Polandi ilichukua dhahabu ya Olimpiki kule Munich, na jina lililoimbwa lilikuwa la Kazimierz Deyna, kiungo, mfungaji bora kwa mabao tisa, aliyefunga yote mawili kwenye fainali dhidi ya Hungaria. Lato alikuwemo kikosini, lakini si wa kuanza. Na mshambuliaji wa taifa zima alikuwa Włodzimierz Lubański. Huyo ndiye aliyepangiwa Kombe la Dunia. Juni 1973, mjini Chorzów, Polandi ilicheza na Uingereza kutafuta nafasi ya kwenda Ujerumani. Lubański akampokonya mpira Bobby Moore, nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia, akafunga, ikawa mawili bila. Muda mfupi baadaye goti lake likaumia vibaya. Kombe la Dunia la 1974 likampita akiwa nje.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kocha Kazimierz Górski alihitaji mtu, au tuseme watu, wa kuziba pengo la mfungaji mkubwa kuliko wote nchini. Aliwapanga mbele watatu: Lato kulia, Szarmach katikati, Gadocha kushoto, na Deyna nyuma yao akigawa mipira.

Lakini kwanza kulikuwa na Wembley. Tarehe 17 Oktoba 1973. Uingereza lazima washinde. Polandi sare inawatosha. Uingereza wanashambulia kama mvua ya masika, na kipa Jan Tomaszewski anaokoa kwa mikono, kwa miguu, kwa kila kiungo alichopewa na Mungu. Kipindi cha pili, kama dakika ya 57, mpira unakwenda pembeni karibu na mstari wa katikati. Norman Hunter, beki aliyeogopwa sana siku zile, anaufikia. Angeweza kuutoa nje na mambo yakaisha. Akataka kuuchezea. Lato akamtokea, akauchukua, akaondoka nao.

Vijana, hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Lato ana uwanja mzima mbele yake na ana mbio. Wengi wenu hapa mngekwenda mpaka kwa kipa. Yeye akainua kichwa, akamwona Jan Domarski anakuja kwa kasi upande wa pili, akamwekea mpira njiani. Domarski akapiga shuti la chini, likapita mguu wa beki aliyejitupa, likapita chini ya Peter Shilton. Domarski naye alikuwa wa Stal Mielec. Watu wawili wa mji wa kiwanda cha ndege wakaifunga Uingereza Wembley. Allan Clarke akasawazisha kwa penalti dakika chache baadaye, lakini haikutosha. Uingereza hawakwenda Ujerumani.

Pasi ile haimo kwenye hesabu ya mabao ya Lato. Mimi naiweka juu ya mabao yake mengi.

Tukifika Kombe la Dunia lenyewe, baada ya mchezo wa Argentina, Wapolandi waliifunga Haiti saba bila, Lato mawili. Waliifunga Italia mawili kwa moja, Szarmach na Deyna. Kumbukeni hilo lilikuwa kombe la Zaire pia, ndugu zetu, walipofungwa tisa bila na Yugoslavia na Afrika nzima ikainamisha kichwa. Siku kumi na mbili baadaye Yugoslavia hiyohiyo ilikutana na Polandi mjini Frankfurt, na bao lililowamaliza, la pili, lilikuwa la Lato. Kabla ya hapo Uswidi nao walikuwa wamelala kwa bao lake moja la kichwa, karibu na mapumziko.

Kisha Julai 3, Frankfurt, Ujerumani Magharibi. Mshindi anakwenda fainali, na Wajerumani sare iliwatosha. Mvua ilinyesha kiasi kwamba uwanja uligeuka jaruba la mpunga. Mchezo ukacheleweshwa, watu wa zimamoto wakaingia na pampu kuvuta maji. Nyasi bado zilikuwa na madimbwi filimbi ilipopigwa. Sasa fikirini: timu ambayo silaha yake ni mawinga wawili wenye mbio, inapewa uwanja ambao mpira ukipigwa mbele unanasa majini na kusimama. Lato anakimbia, anaupita mpira, anarudi kuutafuta. Hata hivyo walitengeneza nafasi, na kipa Sepp Maier alifanya kazi ya watu wawili. Tomaszewski akaokoa penalti ya Hoeneß. Dakika ya 76 Gerd Müller akapata mpira ndani ya kumi na nane, akafunga. Moja bila. Wapolandi wengi wanaamini mpaka leo kwamba kwenye uwanja mkavu wangeshinda. Mimi pia naamini hivyo. Siwezi kuthibitisha, lakini nimeutazama mchezo huo mara nyingi mno nisiwe na msimamo.

Siku tatu baadaye, Munich, kutafuta nafasi ya tatu. Mbele yao Brazili, mabingwa watetezi, na Rivelino na Jairzinho uwanjani. Timu zote mbili zimechoka, zote zilitaka kuwa mahali pengine. Dakika ya 76, dakika ileile Müller aliyowaumiza, Lato akapata mpira upande wa kulia akiwa mbali na goli. Beki Alfredo yuko karibu naye. Ni mchezo wa saba ndani ya siku ishirini na mbili. Lato akakimbia. Nikisema akakimbia sitaki mpite haraka: alikimbia kama mtu ambaye jioni ile ndiyo ameanza mashindano. Alfredo akabaki nyuma. Kipa Leão akatoka, Lato akaupitisha chini. Moja bila, medali, na bao la saba.

Angalieni mabao hayo kwa pamoja. Mpira uliomponyoka kipa. Mpira uliorushwa vibaya. Haiti waliochoka. Beki wa Brazili aliyedhani mtu hawezi kukimbia tena saa ile. Na miaka minne baadaye, Argentina 1978, Polandi dhidi ya Tunisia. Watunisia walikuwa wametoka kuifunga Mexico tatu kwa moja, ushindi wa kwanza wa Afrika kwenye Kombe la Dunia, na bara zima lilikuwa nyuma yao. Karibu na mapumziko beki wao Kaabi akataka kuupiga mpira mbele, mguu ukaukosa. Nani alikuwa nyuma yake? Moja bila, na ndivyo mchezo ulivyoisha. Kama Mwafrika bao lile liliniuma. Kama kocha sina la kumlaumu Lato. Kaabi alikosea mara moja. Lato alikuwepo kwa sababu alikuwepo mara zote ambazo Kaabi hakukosea, na hizo hakuna kamera iliyozihesabu.

Watu humwita mwenye bahati. Nimesikia neno hilo hata kwa makocha: huyu mtoto ana nyota ya mabao. Nawaomba tuache kuwaambia watoto hivyo. Mtoto akiambiwa ana bahati, siku isipokuja anasubiri. Lato hakusubiri. Mtazameni kwenye kona ambazo kipa alidaka salama, maana hizo ndizo nyingi. Anakwenda vilevile, hatua zilezile, kisha anarudi mbio kwenye nafasi yake. Mara kumi bure. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote za mshambuliaji, kukimbilia mpira ambao karibu hakika hautadondoka.

Mengine nayasema kwa haraka. Mwaka 1976 fedha ya Olimpiki kule Montreal. Walifungwa fainali na Ujerumani Mashariki tatu kwa moja, la Polandi likiwa la Lato. Mwaka 1982 Hispania, akiwa na miaka 32 na nywele zimemtoka, alifunga moja dhidi ya Peru, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumlisha Zbigniew Boniek. Boniek alipowafunga Wabelgiji mabao matatu, la kwanza lilitokana na Lato aliyekwenda mpaka pembeni kulia kisha akarudisha mpira nyuma. Polandi wakawa wa tatu tena. Jumla yake kwenye Kombe la Dunia: michezo 20, mabao 10. Kwa timu ya taifa: michezo 100, mabao 45.

Nataka kusema jambo moja kuhusu Mielec ambalo linanikera. Alikuwa na kiatu cha dhahabu, tuzo ya mfungaji bora wa Kombe la Dunia, akiwa na miaka 24, na bado alibaki kwenye klabu ya kiwanda mpaka alipofika miaka 30. Serikali ya Polandi ya wakati ule haikuwaruhusu wachezaji kwenda kucheza nje mpaka umri umewapita. Nimesoma watu wakimsifu kwa uaminifu kwa klabu yake. Huenda aliipenda, na naamini aliipenda. Lakini mtu aliyefungiwa mlango hatuwezi kujua angebaki au angeondoka, na miaka yake bora hakuna aliyemuuliza. Wazazi mliopo hapa, mkiletewa mkataba wa kumfunga mtoto kwenye klabu miaka kumi, usomeni wote.

Mwaka 1980 akaruhusiwa, akaenda Ubelgiji, klabu ya Lokeren. Na nani alikuwa akimsubiri pale? Lubański. Yule aliyeumia goti Chorzów, ambaye jeraha lake lilimfungulia Lato njia. Sasa wanavaa jezi moja. Msimu wa 1980/81 Lokeren ikamaliza ya pili nyuma ya Anderlecht. Nimejaribu mara nyingi kuichora akilini picha ya siku ya kwanza wawili wale walipokaa pamoja kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Baadaye Lato akaenda Mexico, Atlante, waliotwaa ubingwa wa klabu za Amerika ya Kaskazini na Kati mwaka 1983, kisha akamalizia Kanada kwenye timu ya Wapolandi wahamiaji mjini Hamilton.

Baada ya mpira alifundisha, alikuwa seneta kuanzia 2001 hadi 2005, na mwaka 2008 akachaguliwa rais wa shirikisho la soka la Polandi. Sitaficha kwamba miaka minne ile haikumjengea heshima. Mwishoni mwa mwaka 2011 jezi mpya ya taifa ilitolewa bila tai mweupe, nembo ya nchi, ikawekwa nembo ya shirikisho. Nchi ikawaka moto, na tai akarudishwa. Mtu aliyevaa tai yule kifuani mara mia ndiye aliyekuwa ofisini alipoondolewa. Inauma. Hata hivyo mashindano ya Ulaya ya 2012 yalifanyika nchini mwake, na aliyempokea kiti alikuwa Boniek, yuleyule ambaye Lato alimlisha mipira Hispania.

Nimewachosha, na jua linazama nyuma ya Uluguru. Wanangu, kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla hamjapanda magari, nitakuwa uwanjani na mipira thelathini na kipa mmoja. Mimi nitapiga kona. Kipa nimemwambia adake zote salama isipokuwa moja, na hata yeye hajui bado itakuwa ya ngapi. Kazi yenu ni kuzifuata zote. Asanteni sana.